UZI: Pablo Casals, mpiga chelo aliyekuwa apelekwe kujifunza useremala

FundiWaKirumba (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mwezi wa tatu mama mmoja wa kwaya alishuka na bajaji mbele ya karakana yangu hapa Kirumba, amekumbatia mzigo mrefu uliofungwa kwa kanga mbili, akaniuliza kama naweza kutengeneza gitaa kubwa. Kazi yangu ni vitanda, makabati na milango, na mara mojamoja mtumbwi wa mtu wa Mwaloni unaovuja. Nilipofungua zile kanga sikukuta gitaa, bali chelo, chombo cha ukoo wa fidla lakini kikubwa kiasi kwamba mpigaji hukaa kitini, akakisimamisha katikati ya magoti na kukipiga kwa upinde wenye nywele za farasi. Mgongo ulikuwa umeachana na ubavu kwa urefu wa kiganja, na ndani kulikuwa na kitu kinagongagonga kila nilipokiinua. Kilipodondoka nje nikaona ni kijiti cha mviringo, kinene kama kidole, nami nusura nikitupe kwenye maranda. Baadaye nilijifunza kwamba kijiti kile husimama wima ndani ya tumbo la chombo bila gundi wala msumari, kikishikiliwa na mgandamizo peke yake, na kwamba ndicho kinachosaidia kubeba mtetemo kutoka usoni kwenda mgongoni. Kikianguka, sauti inakufa, na nyuzi zikiachwa zimekazwa uso wenyewe unaweza kubonyea.

Katika kutafuta namna ya kukirudisha mahali pake ndipo nilipokutana na habari za Pablo Casals. Kilichonishika kwanza ni jambo la kifundi: baba yake alikuwa ameshakubaliana na rafiki yake seremala kwamba mtoto apelekwe akajifunze kazi hiyo, kwa kuwa muziki haulishi familia. Mama yake ndiye aliyekataa.

Naomba niyaeleze maisha yake kwa namna niliyoyaelewa. Waandishi wengi huyapanga kwa orodha ya wafalme na marais aliowapigia. Mimi baada ya kuyasoma kwa miezi kadhaa naona kwamba mtu huyu anaeleweka zaidi ukitazama vipindi ambavyo hakupiga, na vilikuwa vingi, vingine virefu kuliko kazi nzima ya mwanamuziki wa kawaida.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko El Vendrell, mji mdogo wa Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania. Baba yake, Carles, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa kwaya. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa Mayagüez, kisiwani Puerto Rico. Siku moja walipita mjini wanamuziki wa kutangatanga, na mmoja wao alikuwa amefunga uzi kwenye mpini wa fagio akaupiga kama chelo. Mtoto akarudi nyumbani hazungumzi jambo jingine. Baba yake akachukua kibuyu, akakiwekea mpini na uzi, akamkabidhi. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha mtu aliyekuja kuitwa mpiga chelo mkuu wa karne ya 20: kibuyu. Wasukuma tuliokulia na zeze na upinde wa kibuyu hatuhitaji kuelezwa kilikuwa na sauti gani.

Nitaendelea jioni, kuna mteja wa kabati.

AltoWaNyakato

Fundi, shikamoo. Mama mwenye kanga mbili ndiye mimi, na bado nasubiri chombo changu. Sikujua kwamba kimekugeuza kuwa mwanahistoria.

Ningependa kujua jambo moja kabla hujaendelea. Sisi kwenye kwaya tunajifunza wimbo kwa solfa Jumanne, Alhamisi tunaurudia, Jumapili tunauimba. Je, huyu mzee naye alikuwa hivyo?

FundiWaKirumba

Marahaba, Mama. Chombo chako kipo salama, kimelazwa juu ya godoro zuri kuliko ninalolalia mimi mwenyewe.

Swali lako limegusa penyewe. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 11, mama yake alimpeleka Barcelona kusoma muziki kwa mwalimu Josep García, na ili apate fedha za kujikimu akawa anapiga mkahawani usiku. Mwaka 1890 baba yake alikuja kumtembelea, akamnunulia chelo yake ya kwanza ya ukubwa kamili, kisha wakazunguka maduka ya vitabu vya muziki vilivyotumika, jirani na bandari. Fikirini mtu anayechakura mafungu ya mitumba pale Makoroboi asubuhi ya Jumamosi. Ndivyo walivyochakura makaratasi. Mle ndani wakaibua kitabu cha suiti sita za Johann Sebastian Bach kwa chelo peke yake.

Suiti ni mfululizo wa vipande. Kila moja kati ya hizi sita ina utangulizi na ngoma tano za kuchezwa za Ulaya ya zamani, hivyo jumla ni vipande 36, vyote vya chelo moja bila kinanda wala chombo kingine cha kuisindikiza. Bach aliziandika karibu mwaka 1720. Nakala ya mkono wake imepotea, na tunazo kwa sababu mke wake, Anna Magdalena, alizinakili. Hadi kufika enzi za Casals watu walizichukulia kama mazoezi ya wanafunzi, kitu cha kulainisha vidole, na hakuna aliyedhani kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kukaa mbele ya hadhira na kupiga suiti nzima.

Kijana wa miaka 13 akaenda nazo nyumbani, na tangu siku hiyo akazifanyia mazoezi kila siku kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga hata moja hadharani. Hapo ndipo penye ukimya wa kwanza ninaouzungumzia. Mama, sisemi kwamba kwaya yenu isubiri miaka 12 kabla ya Jumapili. Nasema kwamba katika miaka hiyo hiyo alikuwa anapiga mambo mengine kila mahali na watu wanamshangilia, huku jambo alilolipenda kuliko yote amelifungia chumbani.

MsomaRamaniIgoma

Mkuu, shukrani. Nina swali la kiufundi. Tunasikia kwamba Casals alibadilisha namna ya kupiga chelo. Alibadilisha nini hasa? Wanaomsifu husema alikuwa mwanamapinduzi, kisha wanaishia hapo.

FundiWaKirumba

Swali zuri, na ndilo ninaloliweza kuliko mengine, maana ni suala la mikono.

Walimu wa enzi hizo walimtaka mwanafunzi abane kitabu kwapani, upande wa mkono unaoshika upinde. Kitabu kikianguka umekosea. Matokeo yake mkono ulibaki umegandamana na mbavu na nguvu yote ikatoka kwenye kifundo. Jaribuni kupiga randa mmebana kitabu kwapani, mtaelewa mara moja. Kijana Casals aliona jambo hilo halina maana, akaachia bega na kiwiko vitembee, ili uzito wa mkono mzima ulale juu ya uzi.

Upande wa mkono wa kushoto, mpigaji wa zamani alikuwa akihamisha kiganja chote kila alipotaka sauti ya mbali kidogo, na kila kuhama kukaacha mkwaruzo wa kuteleza. Yeye akapanua vidole, kiganja kikabaki mahali pake huku kidole kikiufikia uzi palipotakiwa. Nyuzi za chelo ni nne, zikiachana kwa hatua tano tano: kwa solfa ni do, sol, re, la kutoka nene hadi nyembamba, na sehemu inayotetemeka ina urefu wa karibu sentimita 69. Kwenye urefu huo hatua ya vidole ni pana mno kuliko kwenye fidla. Nilimpa mwanangu wa darasa la sita ajaribu, kidole cha mwisho hakikufika.

AltoWaNyakato

Ndiyo maana niliambiwa nina mikono midogo. Endelea, Fundi.

FundiWaKirumba

Miaka ya kupanda kwake nitaipitia haraka, kwa kuwa inapatikana kila mahali. Mtunzi Isaac Albéniz alimsikia mkahawani akampa barua ya kumtambulisha Madrid, ambako malkia aliyekuwa anashikilia utawala, Maria Cristina, alimpatia posho ya masomo. Akatumwa Brussels. Profesa wa huko akamuuliza kwa kejeli mbele ya darasa anaweza kupiga nini, naye akajibu kwamba chochote atakachotajiwa, wanafunzi wakacheka. Akapiga, kicheko kikakoma, profesa akabadilika na kumwahidi zawadi ya kwanza ya chuo ikiwa atabaki. Akakataa, kwa sababu alidhihakiwa, na siku iliyofuata akapanda treni ya Paris. Uamuzi huo ulimgharimu posho yake. Paris yeye na mama yake walilala njaa, mwenyewe akipiga kwenye okestra ya ukumbi wa starehe na kutembea kwa miguu akiwa amebeba chelo ili kuokoa nauli, na kuna siku mama yake alirudi amekata nywele zake ndefu na kuziuza. Ninapofika hapo huwa naifunga simu kwanza.

Mwaka 1899 mambo yalifunguka: Uingereza mbele ya Malkia Victoria, kisha Paris na okestra ya Lamoureux. Mwaka 1904 alipiga Ikulu ya Marekani kwa Rais Theodore Roosevelt. Karibu wakati huo huo akaunda kundi la watu watatu pamoja na Alfred Cortot kwenye piano na Jacques Thibaud kwenye fidla, lililosifika miaka mingi.

Kati ya hayo kuna tukio dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko malkia. Mwaka 1901, akiwa ziarani Marekani, alikwenda kupanda mlima Tamalpais jirani na San Francisco. Jiwe likaporomoka likamsaga vidole vya mkono wa kushoto. Mwenyewe alisimulia kwamba alipoutazama mkono wake wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kumshukuru Mungu, kwa kuwa sasa hatalazimika kupiga chelo tena! Vidole vilipona baada ya miezi, akarudi kazini. Lakini aliyekuwa na woga wa jukwaa maisha yake yote hakuona haya kulisema jambo hilo, na tangu nilisome nimeacha kuamini wanamuziki wanaosema kwamba jukwaa ni raha tupu.

MwanaNgara

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naomba nijikite kwenye jambo la ukimbizi, kwa sababu nimesikia kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliishi uhamishoni. Mimi nilikuwa mtoto Ngara mwaka 1994, watu walipovuka kutoka Rwanda na kambi ya Benaco ikajaa kwa siku chache tu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nakumbuka alivyokuwa akiandika barua usiku kwa taa ya chemli, akiwatafutia watu ndugu zao. Je, huyu bwana alifanya nini hasa, au alikimbia tu na fedha zake?

FundiWaKirumba

Ndugu yangu, pole kwa kumbukumbu hizo, na asante kwa kuzileta, kwa sababu Casals naye alikuwa mwandika barua.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1920 alianzisha okestra Barcelona kwa fedha zake mwenyewe, na baadaye akasaidia kuunda chama cha wafanyakazi kilichowawezesha watu wa viwandani kusikiliza okestra hiyo kwa ada ndogo. Tarehe 18 Julai 1936 walikuwa katika mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ile yenye kwaya mwishoni, ujumbe ukaingia kwamba wanajeshi wameasi na mji unaweza kushambuliwa wakati wowote. Aliwauliza wanamuziki na waimbaji kama waondoke au wamalize, wakachagua kumalizia sehemu ya mwisho. Wakaimba juu ya undugu wa wanadamu, wakafunga vyombo, wakarudi nyumbani kupitia mitaa iliyokuwa inawekewa vizuizi. Okestra ile ikaishia hapo.

Upande wa Jenerali Franco, aliyewaongoza waasi hao, ulipokaribia kushinda, watu karibu nusu milioni walivuka mpaka kuingia Ufaransa mapema mwaka 1939, wengi wakaishia kwenye kambi zilizozungushiwa seng'enge kwenye mchanga wa pwani. Casals, ambaye angeweza kuishi London au New York kwa raha zote, alikaa Prades, mji mdogo upande wa Ufaransa karibu na mpaka. Kutoka hapo aliandika barua kwa maelfu akiomba fedha, chakula na nguo, na alikwenda mwenyewe kambini kuzigawa. Mmoja wa majenerali wa Franco alitangaza redioni kwamba akimkamata atamkata mikono.

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1936 na 1939, ndipo alipoingia studio, London na kisha Paris, akarekodi suiti zote sita za Bach. Alikuwa na miaka 59 alipoanza. Hesabuni: tangu siku ya lile duka la bandarini zilikuwa zimepita miaka 46. Mkisikiliza hizo rekodi mtasikia mkwaruzo wa santuri, na mtasikia upinde unavyovuta pumzi kabla ya sentensi mpya. Wapo wapigaji wa leo walio safi zaidi kwa vidole. Mimi narudi kwake.

Sasa ukimya mkubwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 alikwenda Uingereza, akapiga, watu wakalia. Alitarajia kwamba mataifa yaliyowaangusha Hitler na Mussolini yangemwondoa na Franco. Alipoona hayana nia hiyo, alizikataa shahada za heshima za Oxford na Cambridge, akarudi Prades, na akatangaza kwamba hatapiga tena katika nchi inayoitambua serikali ya Franco. Orodha ya nchi hizo ilikuwa ndefu, hivyo kwa vitendo ilikuwa sawa na kuweka chelo chini. Mwaka 1950, miaka 200 tangu kifo cha Bach, mpiga fidla Alexander Schneider alikuja na hoja rahisi: kama wewe hutatoka, sisi tutakuja. Wanamuziki wakasafiri kutoka pande mbalimbali hadi kanisa la Prades, na tamasha likazaliwa kwenye mji ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia.

MsomaRamaniIgoma

Mkuu, hapa naomba nikubishie kwa heshima. Mwaka 1958 alipiga New York, Umoja wa Mataifa. Novemba 1961 alipiga Ikulu ya Marekani kwa Rais Kennedy. Marekani ilikuwa inaitambua serikali ya Franco na ilikuwa na kambi za kijeshi Hispania. Msimamo gani huo unaolegea mwaliko ukiwa mtamu?

Na jambo la pili, tusifumbe macho: mwaka 1957 alimwoa mwanafunzi wake, Marta Montañez, yeye akiwa na miaka 80 na binti 20. Ingekuwa ni mzee wa hapa Igoma tungekuwa tumeshaitisha kikao cha ukoo.

FundiWaKirumba

Kaka, kubisha ni haki yako, na hoja ya kwanza ina uzito.

Kuhusu mwaka 1958, utetezi wake ulikuwa kwamba jengo la Umoja wa Mataifa si ardhi ya Marekani. Ni hoja ya mwanasheria, nakubali, lakini inasimama. Kuhusu mwaka 1961, alimwandikia Kennedy akieleza kwamba anafanya hivyo kwa sababu ya imani aliyokuwa nayo kwake. Hapo ni kweli alilegeza, naye hakuficha kwamba ni udhuru maalumu. Usisahau pia kwamba jioni ile, tarehe 13 Novemba, mwishoni alipiga Wimbo wa Ndege, wimbo wa Krismasi wa Wakatalunya, ambao tangu uhamishoni aliufanya kuwa kilio cha nchi yake. Aliuingiza Ikulu ya taifa lililokuwa likishirikiana na Franco. Wewe utaita kulegea; mimi naona alibadilisha silaha. Tubaki tumetofautiana.

Kuhusu ndoa, kikao cha ukoo kingekuwa na haki ya kuitishwa. Inasimuliwa tu kwamba Marta alikuwa mpiga chelo kwa haki yake, na baada ya kifo cha mzee aliendelea na kazi ya muziki kwa miongo mingi.

AltoWaNyakato

Wanaume mnatetea haraka. Haya, malizia. Alirudi kwao?

FundiWaKirumba

Mama, hakurudi kuishi kwao tena. Alihamia Puerto Rico, kisiwa alichozaliwa mama yake, akaanzisha tamasha huko mwaka 1957, na kila asubuhi kabla ya jambo lolote alikaa kwenye piano akapiga vipande viwili vitatu vya Bach. Mwaka 1971, akiwa na miaka 94, alirudi Umoja wa Mataifa, akaupiga tena Wimbo wa Ndege na kuwaambia waliokuwapo kwamba ndege wa Katalunya wakiwa angani huimba amani, amani, amani. Jina lake la nyumbani ni Pau, na kwa Kikatalunya neno hilo ni Paulo, na pia ni amani. Alifariki San Juan tarehe 22 Oktoba 1973, akiwa na miaka 96. Franco alifuata Novemba 1975. Mwaka 1979 mabaki yake yalirudishwa El Vendrell, akazikwa kwenye mji ule wa kibuyu.

MwanaNgara

Kwa hiyo alimtangulia Franco kwa miaka miwili tu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Fundi, na chelo yenyewe imefikia wapi?

FundiWaKirumba

Mgongo umeshashika. Kuna mtu alikuwa amewahi kuutia gundi nyeupe ya mbao, na ilinichukua siku mbili kuikwangua, kwa sababu chombo cha namna hii hugundishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo fundi atakayekuja baadaye anaweza kuifungua kwa joto na unyevu bila kuvunja mbao. Ngozi ya ng'ombe Usukumani si shida. Nilichemsha mabaki kwa moto mdogo sana, jirani wakalalamika harufu, nikachuja, nikaipaka ingali na uvuguvugu.

Kijiti nilikiingiza kupitia tundu la usoni kwa waya niliokunja mara mbili, nikiangalia ndani kwa tochi ya simu na kioo cha kunyolea. Kilianguka mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili kilisimama, nikakisogeza unene wa kucha kuelekea kwenye mguu wa daraja la nyuzi, nikakaza do na kuugusa uzi kwa kidole gumba. Benchi la randa lilitetemeka. Mwanafunzi wangu aliyekuwa nje anapiga msasa aliingia kuuliza kama kuna lori limepita.

Kilichobaki ni upinde. Nywele zake zimekatika zaidi ya nusu, na farasi hapa Mwanza sijamwona. Nimejaribu mkia wa ng'ombe, zinakwama na kukatika. Ikiwa kuna mwanajukwaa wa Arusha au Nairobi anayejua pa kupata nywele za mkia wa farasi, ndefu, zisizopungua sentimita 75, naomba aniandikie. Mama anahitaji chombo chake kabla ya Pasaka.